Msitu wa miombo uliokatwa: tupande miche au tutunze visiki?

Swali: Msitu wa kijiji chetu mkoani Tabora umekatwa sana kwa ajili ya mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Sehemu moja ililimwa kwa trekta misimu kadhaa, kisha ikaachwa. Kwingine visiki vinachipua, lakini pale palipolimwa pamebaki nyasi na mkulagembe, kile kichaka cha miiba. Kamati inataka kung'oa vyote na kupanda mikaratusi. Je, miombo inaweza kurudi yenyewe?

Jibu: Inaweza, ndugu yangu, na ninaisihi kamati isiguse hivyo visiki.

Mtundu (*Brachystegia spiciformis*), mmoja wa miti mikuu ya miombo, na jamaa zake hurudi kwa mizizi zaidi kuliko kwa mbegu. Maganda yake yakikauka hupasuka na kurusha mbegu, lakini hazifiki mbali na mti mama. Tena mbegu hizo huota mvua za kwanza zikinyesha. Hazilali ardhini kungoja mwaka mwingine. Akiba ya msitu imo kwenye visiki, kwenye mizizi, na kwenye miche iliyojificha chini ya nyasi. Kila kiangazi vishina vya miche hiyo hufa, mvua zikija huchipua tena, na muda wote huo mzizi unanenepa. Mninga huishi hivyo miaka mingi kabla ya kusimamisha shina la kudumu. Mpita njia huona nyasi tupu, kumbe anakanyaga msitu.

Ndiyo maana sehemu zenu mbili zinatofautiana. Shoka liliacha mizizi, trekta likaing'oa. Palipokuwa na matanuri ya mkaa nako patachelewa, kwa kuwa joto liliua mizizi na kuvu wa udongoni, ila hayo ni madoa madogo.

Hao kuvu ni wa kuangaliwa sana. Mitundu hushirikiana nao mizizini: kuvu humletea mti madini kutoka kwenye udongo huu usio na rutuba, mti nao huwalisha sukari. Mvua zikianza, tafuteni uyoga unaoota chini ya machipukizi, hasa ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta. Mkiuona, ushirika huo bado upo. Uyoga wa kwenye vichuguu msiuhesabu. Huo hulimwa na mchwa na hautegemei miti.

Adui mkubwa sasa ni moto wa mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na miti imeanza kutoa majani mapya. Huko Ndola, Zambia, viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa miaka ya 1930 vilionyesha jambo hili wazi: miombo iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi iligeuka mbuga ya nyasi, na iliyokingwa na moto ilizidi kufunga. Kwa hiyo safisheni njia za kuzuia moto mapema. Ikilazimu kuchoma, chomeni Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, na msichome machipukizi yangali mafupi.

Kwenye visiki, acheni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine yakateni kwa kisu kikali. Huko Dodoma kazi hii wanaiita kisiki hai. Mifugo isiingie mpaka vichwa vya machipukizi viwe juu ya midomo yao.

Palipolimwa, msiufyeke mkulagembe wote. Kwanza ukaguliwe kama kuna vichipukizi vya mpingo au mninga ndani yake, maana miiba yake huvikinga na mbuzi. Pasipo na chochote ndipo mpande, mkianzia ukingoni mwa msitu. Miche ya mitundu ichanganyiwe kitaluni udongo uliochotwa chini ya mitundu mikubwa, ili kuvu waende nayo.

Uzito wa miti unaweza kurudi kwa miaka 20 hadi 30 moto ukidhibitiwa. Mchanganyiko wa aina za mimea, pamoja na maua na vichaka vya chini, huchukua muda mrefu zaidi, na kwenye shamba la zamani sitarajii urudi wote katika umri wetu.

Mikaratusi nayo ina mahali pake: kila mkulima wa tumbaku aipande kwenye ardhi yake mwenyewe, mbali na chemchemi, ili kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, zitoke huko.