Jibu: Ndege ya rimoti inaangusha pua ikibiringika, nianzeje mashindano?

Habari ndugu. Umesema ndege yako inaangusha pua kila ukiibiringisha, nawe unataka kushindana kwenye sarakasi za angani.

Kabla hujanunua nyingine, angalia mizani yake. Yangu ilikuwa nzito mbele. Nilisogeza betri nyuma kidogo kidogo, ikatulia hata ikiwa chali. Pia inua pua kidogo kabla ya kubiringisha, na ikifika chali sukuma elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) mbele.

Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko pwani. Kwa hiyo ukipiga duara la wima angani, liingie ukiwa na kasi ya kutosha.

Waamuzi hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila umbo unalochora angani, kwa hiyo mstari ulionyooka ndio mtaji. Mimi nilikaa miezi nikienda na kurudi tu, mabawa sawa, upepo ukinisukuma pembeni. Kulichosha, lakini hakuna kilichonisaidia zaidi. F3A, daraja la kimataifa la sarakasi za ndege za rimoti, isubiri.

Nimerusha za umeme pekee. Za injini ya mafuta muulize mzoefu wake. Na usirushie karibu na uwanja wa ndege wa Kisongo. Waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kwanza.