Wembe wa kukunja wa urithi: pima kwanza, msasa baadaye

Ukirithi wembe wa kukunja wa babu, mkono huwasha kutaka kuung'arisha. Nakuomba usubiri. Chuma kikishatoka hakirudi, na wembe ulionolewa maisha mazima ya mtu hauna cha ziada. Osha kwa sabuni, futa kwa spiriti maana hujui uliwahi kugusa damu ya nani, kausha, kisha kaa nao mahali penye mwanga.

Anza na shingo, pale palipogongwa jina la kiwanda. Nyembe nyingi za kale zilitoka Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Zipo pia za Thiers, Ufaransa, na Eskilstuna, Uswidi. Ukikuta nchi imeandikwa, jua kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni kuonyesha zilikotoka, kwa hiyo wembe wenye neno "Germany" mara nyingi ni wa 1891 au baada ya hapo. Maandishi ya dhahabu yakiwa bado yapo kwenye bapa, yaache. Msasa mwepesi kabisa huyafuta.

Sasa uchakavu wenyewe, na hapa ndipo wanaoanza wengi huharibu. Wembe huu hunolewa ukiwa umelala: mgongo na makali vyote viwili vinagusa kinoo kwa wakati mmoja. Mgongo ndio unaopanga pembe ya makali, na vyote huliwa pamoja. Kwa hiyo mgongo ulioliwa, ukionyesha mstari bapa kila upande, si kasoro peke yake. Kasoro ni vinapoliwa kwa viwango tofauti.

Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, upime. Wembe wenye upana wa milimita 17, kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na unene wa mgongo wa milimita 5 una pembe ya karibu nyuzi 17, nzuri kabisa. Ukiliwa hadi upana wa 14 na mgongo ukashuka hadi 4, pembe imebaki karibu nyuzi 16. Huo ni wembe mzee uliotunzwa, unoe bila wasiwasi. Lakini upana ukiwa 14 na mgongo bado 5, pembe imepanda kupita nyuzi 20. Aliyeunoa alikuwa akiinua mgongo, na wembe utakwaruza shavu hata ukinolewa vipi. Upande wa pili, mgongo wa 3.4 kwa upana huohuo unakupa chini ya nyuzi 14, na makali membamba hivyo humeguka. Wembe huu una dawa: bandika utepe wa fundi umeme juu ya mgongo, tabaka moja, na pembe inarudi karibu nyuzi 15. Utepe ukichakaa badilisha, na usisahau kuubandika kila unaponoa, hata kwa kinoo cha mwisho, la sivyo pembe inahama.

Baada ya hapo, weka makali juu ya kioo cha dirisha. Yakigusa kwenye ncha na kwenye kisigino (mwisho wa makali upande wa shingo) tu huku katikati pana mwanga, yamebonyea, na kinoo bapa hakitafika pale katikati. Hapo hakuna njia ya mkato: simamisha wembe wima juu ya kinoo kikwaruzo, uyasage makali yanyooke, kisha ujenge upya mteremko, ule uso mwembamba wa kila upande unaoishia kwenye makali. Kazi hiyo hula chuma kingi, kwa hiyo bonyeo likizidi nusu milimita, na upana umeshapungua, mimi ningeuweka kabatini kama kumbukumbu. Makali yaliyotuna katikati ni habari nyingine. Mengi yalitengenezwa hivyo. Usiyanyooshe, noa kwenye kinoo kwa mwendo wa kuzungusha mkono kutoka kisigino hadi ncha.

Kisigino nacho kikaguliwe. Upana ukipungua, makali husogelea bega, ule unene ulio karibu na shingo. Bega likipanda juu ya kinoo, linainua wembe na nusu ya makali hayanolewi. Punguza pembe ya kisigino kidogo kidogo, uiviringe, mpaka bega likae nje ya kinoo.

Kutu nyekundu hutoka kwa mafuta na msasa wa maji namba 1000, ukisugua kwa urefu wa bapa huku mgongo ukielekea kiganjani. Madoa meusi yasiyo na shimo yaache. Kinachoamua ni vishimo vilivyo ukingoni: vitazame kwa lenzi, kwa sababu kila kishimo hufunguka kuwa pengo kinoo kinapofika hapo. Mashine ya kusaga usiiguse. Makali ni membamba kuliko karatasi, hupata moto kwa kufumba na kufumbua, na yakigeuka buluu ugumu wa feleji umekwenda moja kwa moja.

Mpini wa seluloidi, ule wa plastiki ya kale, ukinuka ukali na kutu ikiwa imejaa sehemu ileile wembe unapolala, umeanza kuoza na unatoa mvuke wa asidi. Utoe, uuweke mbali na nyembe nyingine na mbali na moto, kwani huwaka kwa kasi.

Kunoa kwenyewe ni subira. Sawazisha kinoo kwanza: chora mistari ya penseli, sugua juu ya msasa uliolala kwenye kioo hadi mistari iishe. Kaa kwenye kinoo cha namba 1000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi) mpaka mteremko wa pande zote mbili ukutane urefu wote. Elekeza makali juu chini ya taa; panapong'aa, bado hapajakutana. Usihamie 5000 kabla mng'ao huo haujaisha, maana vinoo vya juu hulainisha tu, havijengi. Halafu 8000, kisha 12000, uzito wa wembe wenyewe ukitosha. Maliza kwa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, misuguo 50 au 60, na ugeuze wembe juu ya mgongo wake kila mwisho wa mkanda.

Jaribio la kwanza lifanyie shavuni, si kooni, ngozi ikiwa imevutwa na povu la kutosha. Ndevu zikivutwa badala ya kukatika, rudi 8000. Zikikatika lakini ngozi ikawaka, ongeza mkanda kabla ya kufikiria kinoo tena.