Urea isiingie ndani ya shimo la msonobari

Ndugu yangu wa Kabare, umesema kwamba wiki ijayo utapanda misonobari kilimani, kwamba kila shimo utalitilia konzi ya mbolea ya urea, na unataka kujua nafasi ya kuacha kati ya mche na mche. Tuiache nafasi kwanza: tafadhali, funga mfuko huo wa urea.

Mimi niliitia kule Walungu, chini kabisa ya shimo, nikaweka mche juu yake, kwa sababu muuza mbolea mmoja wa hapa Bukavu, ambaye sidhani kama aliwahi kushika jembe, aliniapia kwamba msonobari hula kama mahindi. Ncha za majani ziligeuka rangi ya kahawia, kisha miche ikakauka ilhali mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Nilipoing'oa, vijizizi vilikuwa vyeusi, na ganda lake lilibambuka nilipolivuta kwa vidole. Nyasi pekee ndizo zilizonawiri, na mbuzi wa jirani hawajaacha kuniheshimu hadi leo.

Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, nayo ikiyeyuka karibu na mizizi hutoa amonia inayoiunguza, wakati chumvi ya mbolea inauzuia mche kunywa maji yaliyouzunguka. Isitoshe, msonobari si mti wa asili ya huku kwetu: huishi kwa msaada wa kuvu wanaoshikamana na mizizi yake na kuuletea fosforasi, ambayo udongo wetu mwekundu wenye asidi huing'ang'ania. Chana kiriba kimoja, yaani kimfuko cha plastiki cha mche, utazame. Ukiona nyuzi nyeupe zimeizunguka mizizi, mche wako umekuja na mpishi wake, na mbolea nyingi humfukuza. Usipoziona na miche ni ya manjano, mlaumu mwenye kitalu aliyekosa kuchanganya udongo wenye kuvu hao kutoka chini ya misonobari mikubwa, wala usikimbilie dukani.

Siku ya kupanda, shimoni uingie udongo wa juu peke yake. Hata samadi mbichi isiingie. Miche ikishashika na kuanza kuchipua, ukiona lazima, nyunyiza kidogo mbolea ya NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kuuzunguka mche, mbali na shina, mahali palipopaliliwa na penye unyevu.

Urea uliyonunua ipeleke kwenye mahindi, au umrudishie aliyekuuzia. Kabla ya kumrudishia, hebu nieleze duka lake liko upande gani, maana nashuku kwamba ni yule yule wangu.