Calgary na tairi za winta: jibu kwa mkuu aliyeuliza kama za misimu yote zinatosha

Mkuu, umeuliza kama Corolla uliyonunua, iliyokuja na tairi za misimu yote ambazo meno yake bado mazuri, inaweza kukuvusha winta yako ya kwanza hapa Calgary, Kanada, au ndiyo uingie tena mfukoni. Ukasema jamaa mmoja kakushauri ununue mbili tu za mbele, na mwingine anakuuzia seti iliyotumika. Nakujibu yote, maana mji huu nimeuendesha miaka, kwanza teksi za usiku, na sasa naingia kazini upande wa uwanja wa ndege alfajiri, mara nyingi kabla magari ya kumwaga changarawe juu ya barafu hayajapita.

Kwa zamu uliyotaja, ya kuanza saa kumi na moja alfajiri na kupita barabara kuu ya Deerfoot Trail, nunua za winta. Nne. Na zifungwe kwenye rimu zake.

Sisi tuliotoka Dar au Mombasa tukisikia theluji tunafikiria kukwama, kwa sababu barabara mbaya tunazozijua ni za tope. Kukwama ni usumbufu tu: unashuka, unachimba, jirani anakusukuma, unachelewa. Kinacholeta gharama na majeraha ni kushindwa kusimama. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi za misimu yote hazijawahi kunikwamisha", anajibu swali ambalo hukuuliza.

Chukua mfano wa shemeji yangu. Ana RAV4 inayovuta magurudumu yote manne, na kwa sababu hiyo aliona tairi za winta ni hela ya kutupa. Jumapili moja asubuhi tulikuta maegesho ya duka kubwa hayana gari, theluji imekanyagwa mpaka imeshikana. Tukayapanga magari sambamba, lake na Civic yangu yenye tairi za winta. Kwenye kuondoka alinichomoka vizuri, magurudumu yangu ya mbele yakazunguka kidogo ndipo yakashika. Tulipofika kwenye nguzo tuliyokubaliana, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tukakanyaga breki pamoja. Mimi nimesimama, yeye bado anateleza, breki zinamgonga mguuni tratratra, akapita urefu wa magari kadhaa huku ananiangalia dirishani. Injini kuvuta magurudumu yote kunakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata Vitz, na kinachobaki kuamua ni mpira unaogusa barafu.

Mpira wenyewe sasa. Tairi ya misimu yote imechanganywa ili ihimili lami ya kiangazi, na kuanzia kama nyuzi 7 za sentigredi kushuka chini inaanza kukakamaa. Kwenye nyuzi hasi 25 inakuwa kama kandambili iliyolala kwenye friza. Ya winta ina mchanganyiko mwingine, wenye unga mwingi wa madini ya silica ndani yake, na inabaki laini. Huhitaji maabara kuona tofauti: asubuhi ya baridi kali vua glavu, bonyeza jino la tairi yako kwa kucha, kisha la gari la jirani lenye tairi za winta. Moja litakubali kucha, lingine halina habari nawe. Halafu chuchumaa uangalie vizuri. Kila jino la tairi ya winta limechanjwa mikato ya kupindapinda ambayo upana wake haufiki hata milimita moja. Uzito wa gari ukiikalia, mikato hiyo inafunguka, kingo zake zinang'ata barafu na kuondoa utando wa maji ulio juu yake. Mifereji mikubwa nayo inakamata theluji na kuibana, na theluji hushikana na theluji vizuri kuliko na mpira mtupu. Ndiyo maana utaona tairi nzuri ya winta imejaa theluji kwenye meno na bado inashika.

Ungekuwa Winnipeg ningekuambia habari ya baridi tu. Calgary ina tabia yake. Kuna Chinook, upepo wa joto unaoshuka kutoka Milima ya Rocky, ambao unaweza kupandisha joto nyuzi 20 ndani ya saa chache. Mchana theluji inayeyuka, watu wanatoka na fulana. Usiku maji yote yale yanaganda. Na barafu iliyo karibu na sifuri ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu ina maji juu yake. Ya hasi 25 ni kavu na, amini usiamini, inateleza kidogo kuliko hiyo. Mahali pa kuogopa ni mita chache za mwisho kabla ya mstari wa taa za barabarani. Magari yote ya jana yamefunga breki hapo, yameondoka hapo yakizungusha magurudumu, yamepasugua mpaka pana mng'ao. Lami nyeusi unaiona chini, unadhani pakavu. Chumvi ya kawaida nayo baridi ikishuka chini ya hasi 15 hivi haifui dafu, ndiyo maana wanamwaga changarawe. (Hiyo changarawe itakupasulia kioo cha mbele mwaka huuhuu. Usilie, ni ubatizo wa mji.)

Ubavuni mwa tairi zako pengine utaona herufi M+S, yaani "mud and snow", tope na theluji. Zisikutulize. Zinahusu mpangilio wa meno, na mtengenezaji anajiandikia mwenyewe bila kulazimika kuijaribu tairi kwenye theluji. Unayoitafuta ni picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Tairi yenye mlima imejaribiwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kuishinda tairi ya kulinganishia. Lakini hata hapo fungua macho: kwa vipimo vya huku Amerika ya Kaskazini, jaribio ni la kuvuta kwenda mbele, si la breki kwenye barafu wala la kukata kona.

Hapo ndipo inapoingia aina ya tatu ambayo hukuitaja, zile ambazo dukani zimeandikwa All-Weather. Usizichanganye na All-Season ulizonazo. Hizi zina alama ya mlima na unaziacha mwaka mzima. Michelin CrossClimate 2 na Toyo Celsius ni za kundi hilo. Nimepanda gari zenye tairi hizo na sizibezi. Kwa mtu anayeishi karibu na kituo cha CTrain, treni ya mjini, ambaye siku ya dhoruba anaweza kuliacha gari nyumbani, ningemwambia achukue hizo na asihangaike na mahali pa kuhifadhi seti ya pili. Kwenye theluji mbichi zinajitahidi sana. Kwenye barafu iliyosuguliwa na kwenye baridi kali ndipo tairi ya winta halisi, Bridgestone Blizzak, Michelin X-Ice, Nokian Hakkapeliitta na wenzake, inapoziacha. Wewe umesema bosi hapokei udhuru wa hali ya hewa, kwa hiyo utakuwa barabarani hasa siku zile ambazo wenye hiari wamelala.

Sheria? Jimbo letu la Alberta haikulazimishi mjini. Ila ukivuka kwenda jimbo jirani la British Columbia, barabara kuu nyingi zinadai tairi za winta kuanzia 1 Oktoba, na utaona mabango. Kule M+S inakubalika ikiwa meno hayajashuka chini ya milimita 3.5, jambo ambalo mimi naliona ni huruma iliyopitiliza. Quebec hawana mchezo, kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi lazima uwe na za winta. Hata Ujerumani, tangu 1 Oktoba 2024, M+S peke yake haihesabiki tena hali ya winta ikiwepo barabarani, mpaka uwe na mlima.

Habari ya kununua mbili za mbele, huyo jamaa hakutakii mema, au hajawahi kukata kona ya kutokea Deerfoot kwenye barafu. Corolla inavuta kwa mbele, kwa hiyo mbili za mbele zitakupa raha ya kuondoka. Ukiingia kwenye kona na kugusa breki, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinashika, za nyuma hazina kitu cha kushika, na mkia unataka kukutangulia. Ni afadhali gari linaloteleza sawasawa kote kuliko hilo. Kama hela inatosha mbili tu, subiri, panda treni mpaka zitimie nne.

Zilizotumika si mbaya, na watu wengi hapa walianza hivyo. Ila nenda na kipimo cha kina cha meno, ni hela ndogo pale duka la Canadian Tire. Tairi mpya ya winta ina kama milimita 8 au 9. Ikikaribia 4, kwenye theluji imekwisha kazi hata kama kwa macho inaonekana haijawa kipara. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 3821 maana yake ilitoka kiwandani wiki ya 38 ya mwaka 2021. Mimi zilizopita miaka mitano sinunui kwa bei yoyote, kwa sababu mpira hukakamaa kwa umri hata ukikaa stoo. Hakikisha zote nne ni za aina moja, angalia kama kuna pancha iliyozibwa karibu na ubavu, na kama muuzaji anataka mkutane usiku kwenye maegesho yenye giza, mwambie mchana.

Pesa ndiyo inayokuumiza kichwa, najua. Lakini winta zikiwa chini ya gari, hizo za misimu yote zimepumzika, kwa hiyo seti zote mbili zinaishi muda mrefu zaidi. Kuhusu rimu: Corolla nyingi zinakubali ya inchi 15 hata kama zilitoka na 16, na tairi ya 15 kwa kawaida ni nafuu. Mpe fundi mwaka na toleo la gari ahakikishe rimu haigusi breki. Rimu za chuma, nyeusi, zisizo na urembo wowote, zinatosha. Zikishakuwa kwenye rimu zake, kila msimu ni kufungua nati na kufunga nati, hulipi tena kung'oa mpira na kufanya balansi. Za misumari Alberta inaruhusu, lakini kwa mtu wa mjini ni kelele ya bure kwenye lami kavu.

Panga miadi ya gereji mapema Oktoba. Theluji ya kwanza ikidondoka, foleni inakuwa ya wiki na unasubiri ukiwa na tairi zilezile. Ukishafungiwa, endesha kama kilomita 80 hadi 100 kisha nati zikazwe upya kwa spana ya kipimo. Gereji nyingi hufanya bure. Upepo pima asubuhi gari likiwa la baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usifuate namba ya ubavuni mwa tairi. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza kama psi 1 ya upepo, kwa hiyo tairi uliyojaza siku ya nyuzi 10 itakuwa imepungua psi 6 hivi ukifika hasi 25, na ile taa ya njano ya upepo wa tairi huenda ikawaka.

Kutoa, usifanye haraka Aprili, hapa Mei inaangusha theluji bila aibu. Wengi wetu tunangoja mpaka katikati ya Mei, si zaidi sana, maana mpira laini unaliwa haraka na lami ya joto na breki zake kwenye joto si nzuri. Zikitoka, ziandike kwa chaki mbele kulia, mbele kushoto na kadhalika, ili mwaka ujao uzibadilishe nafasi, uzioshe chumvi, kisha uzilaze kwenye mifuko myeusi mahali pasipo na jua. Kama nyumba yako haina gereji, maduka mengi ya tairi yanakuhifadhia kwa malipo ya msimu. Niandikie saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango nikuangalizie bei za Kaskazini Mashariki mwa mji, kuna fundi wa Kieritrea huku ambaye hazidishi.