Re: Mtoto wa wiki saba, shingo imekaza upande mmoja

Pole dada. Kama kichwa kinainamia kulia, kidevu kinatazama kushoto na kuna kinundu kigumu shingoni kulia, basi msuli wa kulia ndio umekaza. Kinundu hicho kwa kawaida huyeyuka chenyewe ndani ya miezi michache. Bibi asikikande kwa maji ya moto, na asivute shingo!

Kabla ya zoezi lolote mpeleke Hospitali ya Ligula, hapo Mtwara, apimwe, wahakikishe tatizo si mfupa wala macho, halafu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) wakuelekeze kwa vitendo. Mara nyingi ni hivi: mlaze chali, mkono mmoja utulize bega la kulia, mwingine uinamishe kichwa polepole, sikio la kushoto lifuate bega la kushoto. Shikilia sekunde 10 hadi 30. Kisha geuza kidevu kielekee bega la kulia. Rudia mara 3, kila unapobadilisha nepi. Wengi huacha bega lipande, msuli haunyooki hata kidogo. Akikataa au kulia, achia.

Kitandani ukuta uwe kushoto kwake, wewe ukae kulia, ageuke kukutafuta. Akiwa macho mlaze kifudifudi mkekani dakika chache, ukimwangalia. Kulala ni chali tu, bila mto wala khanga ya kuegemeza kichwa.

Ila shingo ikikaza pamoja na homa, utosi kuvimba, kutapika au kugoma kunyonya, hayo ni mengine kabisa. Hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.