Homoni ya ukuaji kwa mtoto mfupi asiye mgonjwa

Ndugu, umeuliza kama ni haki kumdunga homoni ya ukuaji mwanao wa miaka 11, mzima wa afya ila mfupi kuliko wenzake. Anza na eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari ataangalia mistari myeusi karibu na ncha za mifupa, maana hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ikishaziba, sindano hazimwongezei hata sentimita moja.

Kama bado iko wazi, pima anachobebeshwa: sindano karibu kila usiku kwa miaka kadhaa, na kwa mtoto asiyepungukiwa homoni faida huwa takriban sentimita 4 hadi 7. Sukari ya damu inaweza kupanda. Akianza kuchechemea, kuumwa nyonga, au kuumwa sana kichwa huku akitapika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Marekani iliidhinisha tiba hii kwa watoto wafupi sana wasio na upungufu mwaka 2003, lakini ruhusa si wajibu. Mwenye upungufu uliothibitishwa anatibiwa, hilo halina mjadala. Wako haumwi, na mwili ni wake. Mwache daktari amuulize, wewe ukiwa nje, kama ufupi unamsumbua yeye au unawasumbua ninyi wazazi. Akikataa, msimdunge.