Kuhama kampuni ya droni kwa hasira hakutakusaidia, mkuu

Mkuu pole sana. Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi yuko Moshi, anapiga harusi na kuchora ramani za mashamba ya kahawa kwa droni. Gimbali, ile mikono inayoshika na kutuliza kamera, imegoma baada ya kusasisha programu, kampuni inamjibu barua pepe za kukopi na kupesti, na yeye ni mteja wao tangu droni yake ya kwanza. Anauliza ahamie kwa wapinzani wao au avumilie.

Mimi nipo Arusha. Kazi zangu nyingi ni lodge za Karatu na mashamba ya huku Usa River na Tengeru. Kampuni yangu ni moja tangu nianze, jina silitaji, sitaki uzi ugeuke Simba na Yanga.

Kwanza kubali jambo moja: hawakujui. Gimbali yangu ilipoanza kutetemeka msimu wa Julai ulikuwa umeshakolea na lodge inasubiri picha. Nikawaandikia. Akajibu mtu mpole ajabu, akaomba namba ya kiwanda, risiti na video ya tatizo. Nikatuma. Akaja mwingine, mpole vilevile, akaomba namba ya kiwanda, risiti na video ya tatizo. Aliyefuata akasema niitume kwenye kituo chao cha matengenezo, bara jingine kabisa, pamoja na betri. Nenda ofisi yoyote ya vifurushi hapa mjini useme una betri za lithiamu uone watakavyokutazama. Hata ukisafiri nazo mwenyewe, betri ya akiba unaibeba mkononi isizidi Wh 100 (wati-saa, imeandikwa kwenye betri), kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege, na kwenye begi la chini haingii.

Nikawaeleza hayo. Wakanishukuru kwa uaminifu wangu wa muda mrefu na kunipa kuponi ya punguzo kwenye droni mpya. Nikafungua duka lao la mtandaoni, nikafika pa kuchagua nchi, nikashuka hadi herufi T: Taiwan, Thailand. Hapo katikati ndipo tulipotakiwa kuwepo sisi.

Na tuseme wangekubali. Mara nyingi hawatengenezi ile yako, wanakupa nyingine iliyokarabatiwa. Namba ya kiwanda imebadilika, wakati usajili wako TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) umeandikwa kwa namba ya ile ya zamani. Unaanza upya na makaratasi, na mzigo ukifika forodha unatakiwa uthibitishe kwamba hukununua kitu kipya. Kama ni lazima utume, muone wakala wa forodha kabla haijatoka nchini, siyo ikisharudi. Hili huduma kwa wateja wa huko hawatakwambia, maana kwao halipo.

Sasa kuhama. Mkuu, kampuni changa inakuwa na adabu kwa sababu bado inatafuta wateja. GoPro walitoa droni yao ya Karma mwaka 2016, mwezi uliofuata wakawataka wateja wazirudishe zote kwa sababu betri ilikuwa inachomoka hewani, na Januari 2018 wakatangaza kuachana na droni. 3D Robotics waliacha kutengeneza za kwao. Parrot waliacha droni ndogo za kuchezea 2019, Skydio nao wakajitoa kwenye droni za watu wa kawaida 2023. Waliohamia huko kwa kukimbia dharau walibaki na mashine nzima isiyo na betri za kununua. Bora kampuni yenye kiburi ambayo vipuri vyake vimejaa Nairobi na Kariakoo kuliko yenye tabasamu ambayo kesho haipo.

Kwa hiyo mimi nanunua kwa kuangalia maiti za droni. Sicheki. Kabla sijanunua modeli yoyote naulizia: ngapi zimeshaanguka hapa Kaskazini, na miili yao iko wapi? Modeli inayorushwa na kila mtu ina mikono, mota na maganda kwenye makabati ya mafundi. Modeli kali iliyotoka mwezi uliopita haina hata propela ya akiba. Ndiyo maana sikimbilii toleo jipya, hata likiwa na kamera ya kutisha. Mwenye lodge hajawahi kuniuliza narusha nini, anauliza picha ziko wapi.

Halafu mwili wa pili, mkuu, wa modeli ileile ili betri ziingiliane. Ni ghali, najua. Kama huna uwezo, kubalianeni na mwenzako wa Moshi hapo muazimane. Sisi Arusha tunafanya hivyo na hakuna aliyekosa harusi ya watu Jumamosi.

Kuhusu hiyo gimbali yako. Usimpe kila fundi simu afungue. Wapo vijana wa Stendi Ndogo wenye mikono mizuri, chini ya hadubini wanabadilisha ile flati, waya bapa mwembamba unaopita kwenye mkono wa gimbali, bila kuikunja vibaya. Yangu ilibadilishwa hivyo, picha ikarudi safi. Nikairusha, Mlima Meru umelala upande kama gari lililopasuka tairi. Flati ilikuwa sawa, ila gimbali na kamera vinatakiwa kulinganishwa upya kwa programu ya kiwanda, na kampuni inaitoa kwa vituo vyake tu. Hapa ndipo hasira yangu halisi ilipo. Kuchelewa kujibu nawasamehe. Kunifungia mashine yangu niliyoilipia, nisiweze kuinyoosha bila wao, hilo sisamehe.

Kwa hiyo kabla ya chochote, pakua rekodi zote za mruko kutoka kwenye rimoti na simu, usifute programu, maana ndizo ushahidi kwamba ilikufa baada ya sasisho na haikuanguka. Watumie kwenye shauri lilelile, usifungue jipya, ukifungua jipya unaanza tena na namba ya kiwanda. Wakikataa, ndipo umpe fundi. Na kama ameshabadilisha flati na picha bado inainama, usimruhusu afungue tena, nicheki PM. Kuna jamaa Nairobi ana ile programu, na mzigo wa gimbali peke yake bila betri unapita Namanga kwa basi bila maneno.